Nilifua Joho la Nchi Tano

Uvumi ulinifikia nikiwa na ndoo mkononi. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alisimama mlangoni pa ua wangu akasema amesikia kwamba kule kwenye karakana ya zamani ya mabehewa kuna watu hukusanyika kila Jumamosi. Wanavaa matambara. Wanapiga magoti mbele ya lango lisilo na ukuta. Wanasema maneno yasiyo ya lugha ya mtu yeyote. Kisha akamalizia: anayewashonea hayo matambara ni binti yangu.

Nilimwambia aende zake na mambo yake. Alienda, maneno yakabaki. Nikisugua kola, yapo. Nikianika shuka, yapo. Nikipiga pasi ndiyo kabisa, maana pasi haina kelele ya kufunika mawazo.

Gazeti hili limeomba wasomaji waandike habari za mfanyakazi wa kawaida wanayemfahamu. Mimi ni dobi. Niliishia shule ya msingi, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya nguo za mteja. Lakini namfahamu mfanyakazi mmoja vizuri, kwa kuwa nilimzaa mwenyewe, na nina onyo kwa wazazi wenzangu. Nitaandika niliyoyaona kwa macho, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Saa mbili asubuhi, binti yangu ameinama juu ya kiti cha lori. Kiti hakina ngozi, kimebaki mifupa ya chuma na sponji lililoliwa na miaka. Anakikagua kama daktari, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, kisha anachukua kisu na kukata sponji jipya bila kupima. Linaingia mahali pake kama lilizaliwa humo.

Kazini wanamwita Sindano. Ana umri wa miaka ishirini na tisa, na kumi kati ya hiyo ameitumia katika karakana hii ya kushona viti vya magari, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba. Hulipwa kwa kiti. Viti vinne kwa siku ni siku njema, viwili ni siku ya kurudi nyumbani na mkate mkavu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto havina hisia kwenye ncha, sindano zimezizoea.

Vipande vya ngozi ya bandia vinavyobaki, tajiri wake humruhusu achukue. Kwa miaka minne nilidhani anavitupa.

“Mimi nilidhani anauza,” anasema tajiri huyo, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. “Siku moja nikamuuliza, mbona hutajiriki? Akanionyesha picha ya askari kumi na wawili wenye deraya za vita. Nikatambua kipande cha kiti changu cha nyuma kwenye kifua cha mmoja wao. Ungesema nini?”

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana najua msomaji anauliza askari gani.

Kuna vitabu tisa vinavyoitwa vya Nchi Tano. Aliyeviandika amekwisha kufa. Vinasimulia ulimwengu ambao haupo, wenye nchi tano na falme zake, milima yake na desturi zake, na watu wanaovipenda huvijua kuliko mitaa yao. Binti yangu aliviokota katika maktaba ya shule ya sekondari. Alikuwa akivisoma amejificha chini ya meza yangu ya kupigia pasi, na mimi nikimpiga teke bila kujua. Kitabu cha sita kilikuwa kimechanwa kurasa za katikati, basi akazitunga mwenyewe mpaka alipopata kingine kizima. Anasema zake zilikuwa nzuri zaidi.

Katika hadithi hiyo yumo mwanamke anayeitwa Msafiri. Mfalme amekufa ugenini, na kwa desturi ya ulimwengu ule jina la mfalme lazima lirudishwe kwa miguu na kutamkwa kwenye nyumba aliyozaliwa. Msafiri ndiye anayelibeba. Anavuka nchi zote tano, na kwa njia nzima haruhusiwi kufua joho lake. Uchafu wa kila nchi unabaki juu yake. Akifika kwenye lango la mwisho, mlinzi hamuulizi barua wala muhuri. Anasoma madoa. Kama nchi zote tano zipo kwenye joho, lango linafunguliwa. Kama hazipo, jina la mfalme linazikwa nje.

Miaka minne iliyopita, mwalimu mmoja wa hesabu alibandika karatasi kwenye ubao wa maktaba ya umma. Aliandika kwamba anayeipenda Nchi Tano na anajua kushika nyundo, kamera au sindano, aje watengeneze filamu ya safari ya Msafiri. Walikuja watu sita, binti yangu mmoja wao. Leo wapo arobaini na watatu. Yupo muuguzi, yupo mpiga picha za harusi, yupo mlinzi wa ghala, wapo maseremala na wauza simu. Wale askari wenye deraya kwenye picha ni baadhi yao. Hakuna anayelipwa hata senti.

Wenye haki za vitabu hivyo waliandikiwa barua kuombwa ruhusa. Wakajibu baada ya miezi minane. Walikubali, kwa masharti: filamu isiuzwe, asitozwe mtu kiingilio, na mwanzoni iandikwe kwamba ni kazi ya wapenzi wa vitabu, wao hawahusiki. Tena wakaongeza kwamba ikikamilika wataitazama kwanza, na wakiona haifai wanaweza kuizuia isionyeshwe popote.

Binti yangu alinieleza haya yote. Tena mara tatu. Nilikuwa nikiitikia “ehe” huku nahesabu soksi. Kichwani mwangu filamu ilikuwa kitu kinachotengenezwa na watu wenye ndege zao, kwa hiyo nikachukulia kuwa ni utani wa vijana. Nakiri hilo hapa mbele ya wasomaji.

Basi uvumi wa Redio ulipoingia kichwani, haukukuta chochote cha kuuzuia.

Jumatano moja, binti akiwa kazini, niliingia chumbani kwake. Uvunguni kulikuwa na sanduku la bati, na juu yake karatasi: TAFADHALI USIGUSE. Nikajiambia hivyo hasa ndivyo angeandika mtu mwenye la kuficha. Nikafungua.

Ndani mlikuwa na joho zito la pamba, la rangi ya maziwa, na sijawahi kuona nguo chafu kama ile katika miaka yangu ishirini na sita ya kazi. Pindo lilikuwa jekundu mpaka magotini. Mgongoni lilikuwa jeusi kama limelalia jiko. Kiunoni mlikuwa na miviringo myeupe, begani kijani, na mkono wa kulia ulikuwa na rangi ya damu kavu mpaka karibu na kiwiko. Chini limechanika nyuzinyuzi.

Nilikaa kitandani nikiwaza waganga, nikiwaza makafara, nikawaza marehemu baba yake angesema nini. Kisha nikainuka. Nilijiambia kama ni uchawi, sabuni itauondoa, na kama ni uchafu, sabuni itauondoa vilevile.

Nilitumia ujuzi wangu wote. Sikulichovya tu kwenye beseni kama mtu asiyejua. Nililishughulikia doa kwa doa, hili kwa maji ya baridi, lile kwa ndimu na chumvi, lile kwa sabuni ya kipande na mswaki. Mengi yalikubali haraka, nikashangaa, maana doa la damu halikubali hivyo. Saa nane mchana lilikuwa kwenye kamba, jeupe kama limetoka dukani. Nikapiga pasi. Nikakunja pindo lililochanika nikalishona vizuri, mshono mdogomdogo, mkono wa dobi anayejali, kisha nikalirudisha kambani.

Binti alirudi saa kumi na mbili jioni. Aliliona kabla hajaniona mimi.

Nilitegemea kelele. Hakupiga. Aliweka begi chini, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akalitazama lile joho likipepea. Nikaanza kumweleza kwamba nimejua kila kitu na kwamba mtoto wangu hatapotea nikiwa hai. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Mama,” alisema, “umefua nchi tano.”

Ndipo nikaelezwa kwa mara ya nne, na safari hii sikuwa na soksi mkononi. Madoa yale yalimchukua miezi mitatu. Aliyatengeneza kwa unga wa tofali, mkaa, chaki, chai nzito na rangi za maji za watoto wa shule, kila moja mahali palipotajwa kitabuni. Filamu nzima ni dakika thelathini na nane. Dakika thelathini na tatu zilikwisha kupigwa, joho likiwa na madoa yake. Kilichobaki ni Msafiri kufika langoni na mlinzi kulisoma joho. Sehemu hiyo ilipangwa Jumamosi, siku tatu mbele, ndani ya karakana ya mabehewa, na haikuwezekana kuiahirisha. Jumatatu inayofuata karakana ilikuwa inabomolewa, na lango walilolijenga miezi saba lilikuwa limefungwa kwenye nguzo zake.

Yeye mwenyewe hakuweza kulitengeneza upya. Tajiri wake alikuwa na viti kumi na kimoja vya kukabidhi Ijumaa, na alikwisha kula malipo ya awali.

Nilisema nitafanya mimi.

Alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku alipoomba kubeba mtungi wa gesi akiwa na miaka mitano.

Alhamisi asubuhi mwalimu wa hesabu alikuja nyumbani pamoja na mpiga picha za harusi. Nilijiandaa kutukanwa. Mwalimu ni mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Aliniamkia, akakaa kwenye kigoda, akauliza jambo moja tu: nayajua madoa kiasi gani?

Nikamwambia. Nilimwambia doa la chai hushika ukingoni kuliko katikati. Kutu haishuki na sabuni, huongezeka. Majani hutoa kijani leo na kahawia kesho. Udongo mwekundu ukipakwa mkavu hukung'utika, lakini ukipakwa na maji ya uvuguvugu huingia ndani ya uzi na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa. Aliniacha niseme. Kisha akatoa kalamu, mwalimu mzima, akaanza kuandika niliyokuwa nasema.

Mpiga picha alipanga picha kumi na moja juu ya meza yangu ya pasi, joho likionekana kila upande. Wakaniachia futi ya kupimia na kitabu cha tisa, wakiwa wameweka alama kwenye kurasa. Nilizisoma polepole, kidole chini ya mstari. Ukurasa wa Nchi ya Chumvi niliusoma mara mbili ingawa haikuhitajika.

Hapo ndipo nilipoamua kutotumia chaki wala chai. Kama mlinzi atasoma nchi, basi asome kitu chenyewe.

Udongo nilichimba nyuma ya bomba la mtaa, ambako kuna wekundu wa kweli, nikausugua kwenye pindo kwa kitako cha kiganja. Masizi ya jikoni nilichanganya na mafuta kidogo ili yasipeperuke. Kwa chumvi nilichemsha maji mpaka yakakataa kupokea chumvi zaidi, nikachovya kiuno cha joho na kulianika kivulini. Jua hukausha haraka na miviringo haiji, kivuli huiacha ijichore polepole. Nyasi nilizisaga kwa chupa juu ya bega. Kwa mkono wa kulia nilitandaza misumari mikuukuu mia moja hivi, nikailowesha siki, nikaukunja mkono juu yake na kuufunga kamba.

Redio alinikuta nikipaka tope kwenye nguo safi. Alisimama mlangoni akashika mdomo. Nikamweleza kwa ufupi, nikamwambia ama aondoke ama ashike misumari. Alishika misumari. Lakini kabla ya kushika alikuwa amekwisha kupita nyumba tatu, na jioni mtaa ulijua kwamba dobi amerukwa na akili, anachafua nguo za watu kwa makusudi. Wateja wawili walikuja kuchukua mafurushi yao bila kusubiri pasi.

Mshono wangu wa pindo ulinichukua saa nzima kuufumua. Nilikuwa nimeushona vizuri mno.

Ijumaa mchana nilifungua mkono wa kutu. Kutu ilikuwa nzuri, rangi ya chungwa yenye mishipa myeusi, lakini ilikuwa imepanda. Kwenye picha iliishia chini ya kiwiko. Kwenye joho langu ilivuka kiwiko na kupanda vidole vitatu zaidi. Nilipima mara nne, kana kwamba futi ingenihurumia.

Nilikata ndimu. Nilikuwa nimeinama na nusu ya ndimu mkononi binti alipoingia, uso umejaa vumbi la sponji, vidole vimefungwa plasta. Aliona kutu, aliona ndimu. Akanishika kifundo cha mkono.

“Acha, mama. Ukianza kufua tena hutajua kuacha.”

Jumamosi nilikwenda nao. Nilikaa nyuma ya gari la mizigo la mmoja wao, joho limelazwa magotini mwangu kama mgonjwa.

Sijui niielezeje karakana ile. Nje ni kuta za matofali na nyasi kwenye reli. Ndani, mahali ambapo zamani mabehewa yalitengenezwa, lilisimama lango. Urefu wake ni wa nyumba ya ghorofa mbili. Limechongwa ndege, samaki na herufi nisizozijua, na mawe yake yana ukungu kwenye viungo. Nilipeleka mkono nikaligusa. Lilibonyea. Lilikuwa sponji la viti. Binti yangu alikuwa amelikata jiwe kwa jiwe, mawe elfu moja na mia mbili, na seremala akaliwekea mbao nyuma. Nilitoa mkono haraka kama nimegusa kitu cha msikitini au kanisani.

Sasa wana sheria yao. Kabla ya kupiga sehemu yoyote, wote husimama na kutazama, na yeyote anayeona kitu kisichopatana na vitabu huinua mkono. Hata kama ni mbeba nyaya. Mkono ukiinuka, kazi inasimama na kitabu kinafunguliwa, na hakuna kinachoendelea mpaka ukurasa useme. Kwa sheria hiyo waliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu ya idadi ya vifungo.

Muuguzi alivaa joho. Yeye ndiye Msafiri. Ni mwanamke mfupi, mpole, aliyetoka kwenye zamu saa moja asubuhi ile. Walimzunguka. Nikasikia mtu akinusa, mwingine akisema chumvi hii inang'aa. Nikaanza kupumua.

Kisha muuguzi mwenyewe akainua mkono uliokuwa na kutu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba samahani sana, lakini kutu imevuka kiwiko.

Watu arobaini na watatu, miaka minne, saa nne asubuhi ya siku ya mwisho. Binti yangu hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Mwalimu alipima kwa futi, akasema vidole vitatu. Akaomba kitabu.

Walikuwa nacho kila mtu chake, lakini kilichofunguliwa ni kile nilichoachiwa mimi, kwa kuwa alama zilikuwa humo. Mwalimu alisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. Kisha akasoma kwa sauti, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu. Kitabu kilisema kwamba katika Nchi ya Kutu Msafiri alitembea siku tisa, na kwamba kila siku ile nyekundu ilimpanda mkono, hata akaogopa itafika moyoni kabla hajafika langoni.

Picha nilizopewa zilikuwa za siku ya tatu.

Watu waliosoma kurasa zile mara ishirini, waliohesabu vifungo, walikuwa wamepanga kumfikisha Msafiri langoni na kutu ya siku ya tatu. Mwalimu alifunga kitabu. Alinitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema sehemu nyingine moja, sekunde tisa za Msafiri ameketi mtoni, itabidi itupwe, kwa kuwa ile ilikuwa siku ya nane na kutu ipo chini. Binti yangu alikunja uso. Sekunde zile ndizo alizozipenda kuliko zote, aliwahi kunionyesha kwenye simu na mimi nikaitikia “ehe”. Lakini alitikisa kichwa kukubali.

Wakapiga.

Mlinzi wa lango alikuwa yule mzee mlinzi wa ghala, mtu ambaye maisha yake yote amefungua na kufunga mageti ya wengine. Nilimwona akinywa chai dakika kumi kabla, akilalamikia goti. Mpiga picha aliposema tayari, mzee yule alipotea. Sijui alikwenda wapi. Aliyesimama pale alikuwa na miaka elfu.

Alipiga goti mbele ya muuguzi na kushika pindo. Akasugua udongo kati ya vidole, akataja nchi ya kwanza. Akapanda mgongoni, kiganja kikatoka cheusi, akataja ya pili. Alipofika kiunoni alisita. Kidole chake kilipita juu ya miviringo, na chembe zikabaki kwenye ncha. Zamani ilikuwa chaki, hakuwa ametarajia chembe. Akakipeleka kidole mdomoni.

Hilo halikuandikwa popote. Nilimwona mwalimu akiinua mkono wake ili asimamishe, kisha akaushusha.

Mzee alionja chumvi, akafumba macho, na akataja nchi ya tatu kwa sauti ambayo ilinisimamisha vinyweleo. Muuguzi alikuwa analia, na nadhani hakupanga kulia. Mzee akanusa bega, akataja ya nne. Akashika mkono wa kutu kwa mikono yake yote miwili, akaukunjua polepole mpaka juu ya kiwiko. Kisha akataja ya tano, akasimama kwa taabu ya goti lake halisi, na kuligeukia lango.

Nilikuwa nimesimama pembeni. Kutoka pale niliona nyuma ya lango. Niliwaona watu sita, muuza simu mmoja wao, wamevua viatu wasifanye kelele, wanasukuma mbao kwa mabega. Niliona kamba. Niliona sponji likitetemeka. Niliyaona yote hayo, na bado lango la mfalme lilifunguka mbele yangu, na nikajikuta nimeshika mdomo kwa mikono miwili kama Redio.

Baadaye mwalimu aliniambia majina yote huandikwa mwishoni mwa filamu pamoja na kazi za watu, na akauliza yangu aiandikeje. Alipendekeza “Madoa”. Nilimkatalia. Ni nani atakayeniletea nguo tena akisoma hivyo?

Jumatatu karakana ilibomolewa. Filamu sasa inaunganishwa, na ikiisha itatumwa kwa wenye haki waitazame. Wakiridhia, itaonyeshwa bure kwenye ukumbi wa shule ya mwalimu, na baadaye binti yangu anataka kukaa na vijana wa maktaba awafundishe kukata sponji liwe jiwe, kwa kuwa anasema ujuzi huo haumo katika kitabu chochote. Wasiporidhia, haitaonyeshwa popote.

Jambo hili la mwisho linaninyima usingizi mimi, si yeye. Juzi nilimuuliza, yeye akiwa anachomoa nyuzi kwenye kiti: itakuwaje wakisema hapana, miaka minne yote, vidole vyako vyote?

Hakuacha kuchomoa nyuzi.

“Lango lilifunguka, mama,” alisema. “Ulikuwepo.”

Ninachoweza kuwapa wazazi wenzangu ni haya ya kuepuka:

Usimwitikie mtoto “ehe” huku unahesabu vitu vingine. Hata akiwa na miaka ishirini na tisa.

Usipokee kwa jirani habari za mtoto unayekula naye.

Usiruhusu sponji likatwe au kupigwa msasa ndani ya chumba kilichofungwa. Binti yangu anakohoa tangu mwaka wa pili wa filamu, na daktari amesema vumbi hilo si la kuchezea. Avae barakoa, afungue madirisha.

Usiache gundi ya viti karibu na jiko.

Usikubali mtu achukue kiingilio, hata cha kununulia maji, kama barua ya ruhusa imekataza. Kazi ya watu wote itapotea kwa ajili ya maji.

Usitoe kutu kwa ndimu kabla ya kujua iliingiaje.

Usifue nguo ya mtu bila kumuuliza imetoka wapi.